Ungo Unaotazama Chini: Televisheni ya Bure Katika Nyumba Moja ya Hatta

Tulipofika Hatta wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, jambo la kwanza tulilolifanya ni kuharibu. Tulikuwa wanachama wanne wa chama chetu cha Kiswahili, tumemfuata mwenzetu mmoja nyumbani kwa bibi yake mzaa baba, na tulikuwa tumetumwa kazi moja tu: televisheni ya Bibi inakatikakatika, kaangalieni ina nini. Tukapanda juu ya paa, tukakuta madishi mawili. Moja limeinua uso mbinguni kama tulivyozoea kuona. La pili limeinama, uso wake umeelekea changarawe za uani, kana kwamba limechoka. Sote tukaafikiana kwamba limeangushwa na upepo. Tukalegeza nati, tukaliinua likatazama juu vizuri, tukakaza, tukashuka tumefurahi.

Chini tulimkuta Bibi amekaa mbele ya kioo cheusi. "Haya, mmeshanizimia Misri yangu," akasema.

Makala haya yametokana na aibu ile. Tulipokuwa tunatafuta njia ya kurudisha Misri ya Bibi, tuligundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua televisheni ilifikaje nyumba kama ile, nyumba ya watu wanaosema Kiswahili katikati ya majabali ya Hajar. Tunajua habari za majahazi, za karafuu, za mwaka 1964. Habari za paa la nyumba zetu wenyewe hatukuwa nazo.

Tuanze na mahali penyewe. Hatta ni sehemu ya Dubai, lakini haikushikana na Dubai. Iko peke yake mlimani, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, imezungukwa na ardhi ya Oman pamoja na maeneo ya Ajman na Ras Al Khaimah. Zamani iliitwa Hajarain. Ngome yake ilijengwa mwaka 1896, na juu ya vilima viwili imesimama minara ya ulinzi ya karne ya 19. Mgeni huipiga picha minara ile na kwenda zake. Sisi tuliishughulikia kidogo, kwa sababu aliyeijenga alikuwa na shida ileile ya mtu wa antena: katika bonde lililozungukwa na majabali, asiyepanda juu haoni kinachokuja.

Bibi aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 11. Kisiwa alichokiacha hakikuwa na televisheni. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini Unguja watu walikuwa na redio, sinema na magazeti. Akakulia Dubai, akaolewa Hatta. Na hapa historia inafanya mzaha wake. Mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwa Mzee Karume, Zanzibar ikaanzisha televisheni, tena ya rangi, ya mwanzo ya rangi katika Afrika kusini ya Sahara. Bara walikaa bila televisheni kwa miaka mingine ishirini, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa kwa nchi maskini. Vituo vya kwanza vya Bara vilikuja mwaka 1994, tena vya watu binafsi. Kwa hiyo mtoto wa Unguja aliyebaki aliona picha za rangi kabla ya mtoto wa Dar es Salaam, na pengine kabla ya jamaa zake waliokimbilia nchi za mafuta. Bibi hakupenda tulipomwambia hivyo. "Ya rangi? Unguja?" Akanyamaza, halafu akauliza kama tuna hakika. Tulimwambia tuna hakika.

Upande wa Ghuba mambo yalikwenda hivi. Kuwait ilikuwa na televisheni tangu 1961. Mwaka 1969, kabla hata Umoja wa Falme za Kiarabu haujazaliwa, Kuwait ilifungua kituo Dubai kilichotangaza kwa jina la Televisheni ya Kuwait kutoka Dubai, na mwaka huohuo Abu Dhabi nayo ikaanza. Oman ilifuata Novemba 1974, miaka minne baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka. Yote hayo yalikuwa matangazo ya mnara: kituo kinarusha mawimbi kutoka kwenye mlingoti, na wewe unayadaka kwa antena ya mabati au ya vijiti uliyoifunga juu ya paa.

Sasa, mawimbi ya televisheni si kama ya redio ya masafa mafupi, ambayo yanaruka mpaka anga za juu na kurudi, ndiyo maana Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, iliweza kusikika mbali sana na London. Mawimbi ya televisheni huenda moja kwa moja, kama macho. Mafundi wana hesabu nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mlingoti kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita ambazo wimbi litafika kabla dunia haijajikunja mbele yake. Mlingoti wa mita 100 unafika kama kilomita 41. Antena yako ikiwa mita 9 kutoka ardhini unaongeza kama 12. Jumla 53. Hatta iko maradufu ya hapo, na katikati kuna majabali. Bila ya mlingoti mwingine wa kupokezana njiani, au juu ya kilima cha karibu, antena ya Hatta inadaka upepo tu.

Watu wa pwani walikuwa na neema yao. Siku za joto, hewa yenye unyevu inapolala juu ya maji ya Ghuba, mawimbi hukunjwa yakafuata uso wa bahari na kwenda mbali kuliko hesabu inavyoruhusu. Wazee wengi wa Dubai wanakumbuka usiku ambao televisheni ilileta vituo vya ng'ambo bila ya kualikwa. Hatta, nyuma ya majabali, haikupata hata bahati hiyo.

Bibi anaukumbuka wakati wa antena kwa neno moja: chenga. Stesheni moja au mbili, na siku nyingi chenga ni nyingi kuliko picha. Hapo ndipo kilipoanza kilimo cha antena, ambacho msomaji aliyelelewa Mombasa, Unguja au Muscat anakijua bila kuelezwa. Mtoto wa kiume anapanda juu ya paa anashika mlingoti. Mama anakaa chini mbele ya kioo. Katikati kunakuwa na mtu mlangoni wa kupokeza maneno. "Kushoto! Kidogo! Umepita, rudisha! Bado... bado... hapo hapo! Usiiachie!" Mtoto wa juu ya paa la Bibi alikuwa baba yake mwenzetu. Yeye leo anazungumza nasi Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha salamu na cha chakula. Lakini tulipomuuliza habari za antena alizitamka amri zile zote bila kukwama, kwa lafudhi ya mama yake, hata lile "usiiachie" lenye ukali wake. Mmoja wetu alisema kwa utani kwamba tungetunga kamusi ya Kiswahili cha paani. Utani huo hatukuuacha, mbele tutaurudia.

Kilichoimaliza enzi ya chenga kilianzia mbali. Mwaka 1976 Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliunda shirika la Arabsat. Satelaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1985 kwa roketi ya Ariane, na ya pili Juni mwaka huohuo ndani ya chombo cha Marekani Discovery, ambacho miongoni mwa abiria wake alikuwamo Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia. Lakini kwa miaka kadhaa satelaiti zile hazikuwa za mtu wa kawaida. Dishi la kudakia lilikuwa kubwa la mita mbili, mita tatu, na bei yake ilikuwa bei ya gari kuukuu.

Vita vya Kuwait ndivyo vilivyobadilisha mambo. Desemba 1990 Misri ilianzisha idhaa yake ya satelaiti, huku askari wake wakiwa Ghuba na wakihitaji kusikia sauti ya nyumbani. Mwaka 1991 MBC ikaanza kutangaza kutoka London. Al Jazeera ikaja Novemba 1996 kutoka Doha. Serikali nyingine ziliogopa: Saudia ilipiga marufuku madishi mwaka 1994, ingawa watu waliendelea kuyafunga, na Iran ikatunga sheria ya kuyakataza mwaka 1995. Kisha Aprili 1998 Misri ikarusha satelaiti yake, Nilesat 101, ya dijitali, na dishi la chini ya mita moja likatosha. Tangu hapo hakuna tena haja ya mlingoti, ya kilima, wala ya kuwa karibu na mji. Jabali lililoizuia Dubai miaka yote halikuweza kuizuia Cairo.

Au ndivyo tulivyodhani kabla hatujashika spana.

Satelaiti hizi zinakaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na zinazunguka sawasawa na dunia, ndiyo maana ukiwa ardhini unaziona kama zimesimama. Nyumba ya Arabsat inayotumika sana iko nyuzi 26 mashariki. Nilesat iko nyuzi 7 magharibi. Hatta iko nyuzi 56 mashariki. Fanya hesabu: kutoka paa la Bibi, Arabsat iko kusini-magharibi, nyuzi kama 46 juu ya upeo, yaani katikati ya mbingu, haina shida. Nilesat iko karibu na magharibi kabisa, na iko nyuzi 16 tu juu ya upeo. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi. Ngumi moja na nusu juu ya upeo, hapo ndipo ilipo Misri ya Bibi. Cairo kwenyewe iko juu sana, na mtu wa kule hahitaji kujua lolote kati ya haya. Katika bonde, kilima kimoja cha upande wa magharibi kinatosha kuificha, na jirani wawili wa mtaa mmoja wanaweza kutofautiana, huyu anayo na yule hana.

Na lile dishi lililoinama? Dishi hizi ndogo hazitazami pale uso wake unapoelekea. Kichwa chake, kile ambacho mafundi hukiita LNB, kimewekwa chini kwenye mkono ili kisilizibe dishi, na kwa sababu hiyo dishi hupokea kutoka juu zaidi ya uso wake, kwa kawaida nyuzi kama 25. Kutazama nyuzi 46, uso wa dishi unalala nyuzi 21 hivi. Kutazama nyuzi 16, uso lazima uiname mbele nyuzi 9. Limefungwa sawasawa, na kwa macho linaonekana limevunjika. Sisi "tuliotengeneza" tulilipeleka kwenye anga tupu. Bibi, ambaye hakuwahi kusoma jiometria, alikuwa anajua tangu zamani. Yeye huliita ungo, kama wanavyoliita wengi wa kwetu, na alisema, "Ungo wa Makka unatazama juu, ungo wa Misri unatazama chini. Mngeniuliza."

Madishi ni mawili kwa sababu hiyohiyo. Vichwa viwili vinaweza kukaa kwenye dishi moja ikiwa satelaiti zimekaribiana, lakini hizi zimeachana nyuzi 33, na dishi dogo halina shingo ya kugeuka kiasi hicho. Kwa hiyo waya mbili zinashuka kwenye kiswichi kidogo, na kutoka hapo waya mmoja unaingia kwenye risiva, ambayo huchagua ungo kwa kutuma ishara juu ya waya uleule. Risiva pia hupeleka umeme kichwani, volti 13 au 18. Volti hizo ndizo zinazoamua kama kichwa kidake mawimbi yaliyosimama au yaliyolala. Jambo la mwisho linalowapiga chenga mafundi wengi wa kujifunza ni kwamba kwa sababu Nilesat iko mbali mno upande mmoja, mawimbi yake yanafika Hatta yamelala upande, na kichwa inabidi kizungushwe kwenye kishikio chake nyuzi zipatazo 60. Ukikiacha wima utapata nusu ya vituo na utalaumu risiva. Tulilaumu risiva.

Tulirudisha dishi lilipokuwa, kwa kufuata alama ya kutu kwenye mlingoti. Misri ikarudi, na ikawa inakatikakatika kama mwanzo. Waya ulikuwa mzima. Vichwa vya waya havikuwa na kutu. Ubora kwenye kioo ulipanda na kushuka, na ulishuka upepo ulipovuma.

Aliyetatua ni jua. Kila mwaka, siku chache za mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jua hupita nyuma kabisa ya satelaiti, na kwa dakika chache kelele zake huifunika picha. Mafundi huchukia siku hizo. Kwetu zilikuwa zawadi, maana tulikuwa ndani yake: saa moja na dakika kumi hivi kabla ya jua kuzama, jua lingekuwa mahali palepale ilipo Nilesat. Tukakaa nyuma ya dishi tukingoja. Jua liliposhuka likafika nyuzi 16, halikuwa wazi. Lilikuwa ndani ya makuti ya mtende.

Mtende ule ulipandwa na marehemu mume wa Bibi. Ulipopandwa ulikuwa mfupi kuliko ukuta. Mita 12 kutoka kwenye dishi, unahitaji kimo cha mita tatu na nusu tu juu ya dishi ili kuziba njia ya Misri, na mwaka huu ulikuwa umefika. Ami yake mwenzetu, ambaye kwa muda mrefu anataka madishi yote yashushwe kwa kuwa intaneti ina kila kitu, alisema jibu ni rahisi: ama ukatwe mtende, ama utolewe ungo.

Hapo tukabishana, na ubishi huo ndio ulioipa makala hii sababu ya kuandikwa. Mmoja wetu anaamini kwamba ungo ndio uliotunyang'anya lugha. Katika mamia ya vituo vya bure vinavyofika Hatta, hakikuwamo hata kimoja cha Kiswahili tulichokipata. Vituo vya Afrika Mashariki vinapopandishwa satelaiti, boriti yake huelekezwa Afrika Mashariki, na dishi dogo la Ghuba liko nje ya kivuli chake. Hata BBC ilipoanzisha Dira ya Dunia ya televisheni mwaka 2012, iliipitisha kwa vituo shirika vya kule. Nako kule kwenyewe neno "bure" lilianza kuwa na masharti: Tanzania ilipozima mitambo ya analojia Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, na Kenya mwaka 2015, mwenye antena ya zamani alilazimika kununua king'amuzi kwanza. Kwa hiyo, anasema mwenzetu, watoto wa nyumba hii walikaa miaka thelathini mbele ya kioo kinachosema Kiarabu. Ungetarajia nini?

Hoja ina nguvu. Lakini wengine tulikuwa tumekaa na Bibi jioni mbili, na tuliona kitu ambacho hoja hiyo haikioni. Bibi hatazami filamu za Misri kimya. Anazitafsiri. Kiarabu anakijua vizuri, na wajukuu wanakijua kuliko yeye, hata hivyo anatafsiri, kwa sababu ndivyo alivyofanya kwa mama yake, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Muigizaji akisema sentensi moja, Bibi anasema tatu: anatafsiri, anamsuta, anatabiri mwisho wake. "Huyu anajidai hataki. Anataka. Tazama, kesho atarudi huyu, hana haya." Wajukuu, ambao wakisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza, wanacheka mahali panapostahili kuchekwa. Kwa simu mtu hutazama peke yake na vidude masikioni; hakuna wa kumtafsiria. Hatusemi ungo umehifadhi lugha. Tunasema katika nyumba hii lugha haikutoka kwenye kioo, ilitoka kwa watu waliokizunguka, tangu siku za "usiiachie".

Mwenzetu hakushawishika. Alisema Kiswahili cha kusuta waigizaji kitaondoka na Bibi. Hilo hatukuwa na la kulijibu.

Bibi alikata shauri bila kutusikiliza. Mtende haukatwi. Ungo hautoki. "Uhamisheni." Tulipima kwa dira na kwa kamba, tukaona kona ya kaskazini ya paa inaupita mtende kwa mita mbili. Tukatoboa, tukapiga mlingoti, tukauweka wima kwa pimamaji, maana mlingoti ukiinama hesabu zote zinakufa. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Mwenzetu akalishika dishi, likiwa limeinamisha uso kama linavyotakiwa, akaanza kulisogeza unywele kwa unywele kuelekea magharibi. Ndani, baba yake alikuwa amekaa mbele ya kioo na Bibi ubavuni. Muda mrefu hatukusikia kitu. Kisha sauti ya baba ikapanda ngazi:

"Umepita! Rudisha! Kidogo... hapo hapo! Usiiachie!"

Tukakaza nati. Misri ilikuwa safi, ubora haukutikisika hata upepo ulipovuma. Tukakusanya spana, tukashuka, tukanawa mikono, tukaandaliwa chai. Bibi akabonyeza rimoti kutafuta Makka, kusikiliza Kurani kabla ya Isha. Kioo cheusi. Wakati wa kubeba ngazi tulikuwa tumeligonga dishi la pili.

Tukachukua tochi, tukapanda tena.